Mshipa Uliokataa Kufifia

Baba hushona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, na tangu kabla sijazaliwa huketi juu ya kigoda cha mbao. Uvimbe ulipomtoka kwenye kalio la kulia, hakunionyesha. Mimi ni binti yake, tena nina jina la mama yake, na kwetu mzee hamvulii suruali mtu anayemwita mama. Alianza tu kukalia upande mmoja.

Wenzake sokoni waliamua kwamba ni jipu.

"Likiiva nitalitoboa na hiki," alisema jirani yake wa kibanda, akiinua kisu cha kukatia ngozi.

"Wewe? Hata kiraka kinakushinda," mwenzake mwingine akamjibu.

Walicheka. Mimi nilikuwa nimemletea baba chakula. Sijapata kazi tangu nimalize chuo, kwa hiyo kuwaza ndiyo kazi yangu. Niliwaza usaha, nikawaza saratani.

Vidole vya mguu huo vilipopoa na kufa ganzi, alikubali kwenda hospitali. Daktari aliweka kiganja juu ya uvimbe. Ulikuwa unadunda. Alitueleza kwamba mtoto akiwa tumboni huwa na mshipa mkubwa wa damu unaopita kwenye kalio na nyuma ya paja, nao hufifia kabla hajazaliwa, kazi yake ikichukuliwa na mwingine wa mbele. Wa baba haukufifia. Ndio uliolisha mguu miaka yote, na kigoda kiliugandamiza mpaka ukadhoofika na kutuna.

"Mngelitoboa hilo jipu lenu," akasema, "angeishiwa na damu kabla hamjapata gari."

Kuufunga tu kungeua mguu. Wangechukua mshipa mwingine kutoka mguu wa kushoto, wamtengenezee damu njia mpya, ndipo wauzibe ule wa zamani. Njia hiyo ikikataa, mguu ungekatwa.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi nikimwona baba akilini, ana magongo, akipanda ngazi za nyumba yetu ya mtaa wa Lucky Summer. Niliwaza mpaka nikachoka hata kuogopa.

Alipotolewa, muuguzi alinionyesha mahali pa kutafuta mapigo, juu ya mguu, karibu na kidole gumba. Sikujua kama nilihisi mapigo yake au yangu mwenyewe. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Mama," baba akasema, amefumba macho, "unaniumiza vidole."

Muuguzi akaushika mguu. "Una joto."

Nilivuta kiti, nikaegemeza kichwa ukutani na kulala.