Samaki Aliyekataa Kula

Miaka yote nauza samaki ku soko ya Baraka, sikujuaga kama muntu anaweza kupenda samaki bila kumukula. Bwana yangu njo alinionyesha. Alikata vioo vya dirisha la zamani, akaunga sanduku, akajaza maji ya ziwa na majiwe, akatia samaki kumi badogo ba mistari aliobatoa kwenye miamba ya Ubwari.

"Tutabakaanga lini?" nikamuuliza.

"Ni ba kutazama, mama ya batoto."

Nikacheka mpaka machozi. Muntu muzima!

Lakini mazoea yana taabu. Mwezi haukuisha, nikawa nabasalimia mbele ya kunywa chai. Zaidi ule jike mwenye mukia uliopasuka. Nikisogea tu, anakuja ku kioo. Nilimupenda, sifichi.

Halafu akaacha kula. Bwana yangu alikuwa amesafiri Mboko. Siku ya tatu, ya ine, namutupia unga wa ndagala, bale dagaa ba ziwa, anageuka. Na koo imevimba. Nikasema basi, amekwamwa na kajiwe. Akikufa, nitamwambia nini baba ya batoto? Na mimi asubuhi nitamusalimia nani?

Mikono yangu inapasua samaki tangu usichana. Nikamuchota na kikombe, nikaweka kidole gumba ku taya vile tunafanyaga, nikafungua.

Macho. Macho madogomadogo, mengi, ndani ya mdomo, yananiangalia.

"Mama yangu weee!"

Nikamurudisha mu maji mbio. Akatema batoto bote, kumbe alikuwa anabalelea mu mdomo, akakimbia kujificha nyuma ya jiwe. Samaki bengine bakaanza kubasogelea. Nikagonga kioo, nikabatukana, nikalia kweli. Mimi, muzazi wa batoto sita, nimevunja nyumba ya muzazi mwenzangu!

"Rudi, dada," nikamwambia. "Nisamehe. Rudi ubachukue."

Chai yangu ikapoa palepale. Mwisho akachungulia. Akatoka polepole, akafungua mdomo, na batoto bakaingia benyewe, mumoja mumoja, mpaka kale kamoja kalikokuwa kamepotelea ku kona.

Tangu siku ile, sokoni, mbele ya kupasua samaki naanza na kufungua mdomo wake. Bateja bananicheka: "Mama, unatafuta nini mule? Si amekwisha kufa?"

Najua amekufa. Nabaambia ninabisha hodi.