Mananasi ya Mama Mkwe na Gari la Elfu Ishirini

Mimi hakuna kinachonishangaza tena. Niliishia darasa la tano, nikauza vitunguu kwa beseni, leo nina duka la pumba mjini Morogoro. Kanuni yangu ni moja: katika bei zote unazotajiwa, kamata kwanza iliyo ndogo kuliko zote, ifunge, halafu shughulika na zilizobaki.

Siku hiyo nilikuwa na mizigo miwili ya kufuata, pumba za Kihonda na mananasi ya mama mkwe kule Kinole. Alikuwa ameshayavuna kwa neno langu kwamba gari litafika, na lori la mnunuzi wa Dar lilikuwa linaondoka mjini jioni. Likiyaacha, msimu wake mzima unaoza.

Magari yalikuwepo mawili. Mzee wa Land Rover alitaka elfu ishirini kwa Kihonda, sitini kwa Kinole. Dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, alitaka thelathini kwa Kihonda.

"Na Kinole?"

"Laki na themanini, bosi. Mlima ule si wa matairi yangu."

Nikacheka. Ndogo kuliko zote ilikuwa ile ishirini. Nikampa mzee kishika mkono, malipo ya awali ya safari ya Kihonda, na pale kijiweni kwa madereva ukishakitoa hakirudi, wala safari haibadilishwi.

Mke wangu akauliza taratibu, "Baba, Kinole anapanda nani?"

"Aliyebaki."

"Haya. Umeokoa elfu kumi. Mama utamweleza mwenyewe."

Saa nane mvua ikashuka Uluguru. Dereva wa kirikuu akapiga simu: "Bosi, nimenasa chini ya kijiji. Sipandi, sishuki."

Sijakata vizuri, mama mkwe huyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mvua naiona. Gari silioni."

Nje, Land Rover ilikuwa inashusha pumba zangu, matairi makavu kabisa, na mteja mwingine ameshailipia.

Nikamwomba mama akusanye vijana wa kijijini, wayashushe mananasi kwa vichwa, kisha wasukume gari. Hela nikaituma kwa simu. Halafu nikaenda kusimama mbele ya lori la Dar, injini inanguruma, dereva wake ananipigia honi nipishe. Sikupisha. Kirikuu kilifika kimejaa tope hadi kwenye kioo.

Mama mkwe alilipwa nanasi kwa nanasi. Mke wangu alisema mzee angepanda Kinole na kirikuu kingeenda Kihonda, elfu tisini ingemaliza yote. Mimi nililipa ishirini ya mzee, laki na themanini ya kirikuu, arobaini na tano ya vijana: shilingi laki mbili na elfu arobaini na tano.