Ludi Kwanza Nyumbani

Kijana wangu anavaa yale madude ya masikioni, anafunga pazia mchana kweupe, halafu ananiambia mimi mama yake eti anataka kuzama ndani ya mchezo. Kuzama! Ziwa si hilo hapo chini Nyegezi, nenda kazame. Nimekaa nyuma yake mara nyingi nikatazama. Kila hatua kuna mshale: pita huku, okota hiki, ongea na huyu. Mtu hapewi hata nafasi ya kupotea. Akimaliza, muulize alikwenda wapi na alikutana na nani. Hakumbuki. Ujinga mtupu.

Mchezo ninaoukumbuka mimi ulikuwa na miti iliyofanana na kabichi, na mpaka leo nikifumba macho naiona yote.

Uliletwa nyumbani kwetu Nyakato na mjomba wangu, mdogo wake mama. Miaka ile ya soko huria kila asiyetaka kazi alijiita mfanyabiashara, na yeye alikuwa mstari wa mbele. Alikaa Dar kidogo tu, akarudi na maneno ya vijiweni, miwani ya jua aliyoivaa hata chumbani, televisheni ya mtumba na mashine ya gemu. Akavipanga sebuleni kwetu bila kumuuliza mtu.

"Dada, hii ndiyo biashara ya kisasa," akamwambia mama.

Mama akamtazama, akaendelea kuchambua mchele. Basi sebule ikageuka kibanda cha gemu za kulipia.

Vijana wa mtaani walikuja jioni kucheza mpira na ngumi za kwenye kioo. Kelele, jasho, matusi, na mjomba katikati anajiona waziri. Lakini kati ya kaseti zake za gemu kulikuwa na moja ambayo hakuna aliyeitaka. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kichina, au ndivyo tulivyoyaita. Kulikuwa na kijana mfupi anayetoka kwenye nyumba ya paa jekundu, anatembea porini, anakutana na mazimwi, na wanapigana kwa zamu, tena kwa adabu: mmoja akipiga, mwenzake anasubiri. Mjomba aliiita gemu ya vikongwe. Asubuhi, sebule ikiwa tupu, ndiyo niliyoicheza mimi.

Wakati huo kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaondoka. Kiwanda alichofanyia kazi kilipunguza watu, naye akawemo. Akakaa nyumbani akitazama ukuta, kisha siku moja mama yuko sokoni, akabeba begi lake akaenda visiwani kuvua sangara. Hakuaga. Kwetu mtu haondoki hivyo. Hata ukienda Usagara kununua viazi unapita kwa mama, unasema naondoka, yeye anasema haya, umekula? Tulipata habari zake kwa jirani, basi. Mwaka ukapita bila salamu. Mama hakulia mbele yetu. Alisema neno moja tu, kila alipopanga sahani: "Angeniaga tu."

Sasa, ule mchezo ulipoanza ulidai jina la yule kijana mfupi. Mjomba akabonyeza alama zozote, apite haraka. Mama, ambaye nilidhani hatazami, akauliza pale pameandikwa nini.

"Jina lake, dada."

"Anaitwa nani?"

"Aitwe yeyote!"

Mama akataja jina la kaka yangu, na tangu siku hiyo likawa hilo.

Ndani ya nyumba ya paa jekundu kulikuwa na mwanamke mwenye kitambaa kichwani, amesimama karibu na jiko. Ukimsogelea anatoa mstari mmoja wa maandishi, ule ule siku zote. Nyumba unayotoka asubuhi, atakuwemo nani kama si mama yako? Hilo hatukulijadili hata. Mama akaniwekea sheria: yule kijana haendi porini kabla hajamuaga mama yake, na akitoka huko ampitie kabla ya lolote. "Ludi kwanza nyumbani," alikuwa akisema. Mama ni Msukuma hasa, herufi r hajawahi kuihitaji. Nami namrudisha, namsimamisha mbele ya yule mwanamke, maandishi yanatokea, na mama anayasoma kutoka pale alipokaa na ungo wake.

"Anasema, umekula?"

Siku nyingine: "Anasema, mbona umekonda hivyo?"

Na siku moja mama akasema, "Anasema, hukuniaga." Siku hiyo nilizima mapema.

Mjomba alicheka akashika mbavu. "Hapati kitu pale! Haongezewi nguvu, hapewi hata kisu! Mnamaliza umeme bure!" Mpuuzi yule. Magoli yake yote aliyofunga pale sebuleni, nani anayakumbuka? Pale mchezo usipotoa kitu ndipo tulipoweka cha kwetu, lakini mtu wa kutafuta visu ataelewa wapi. Yule mwanamke angekuwa na Kiswahili fasaha, angesema alichotumwa aseme, na mama angerudi zake jikoni.

Biashara ikamshinda mjomba, kama zilivyomshinda zote. Akapata mnunuzi wa vile vyombo kutoka Usagara. Katika kumwonyesha kwamba kaseti zote ni nzima, akamchukua yule kijana wetu, akamwingiza kwenye pango la mazimwi, ndani kabisa, akahifadhi mchezo hukohuko na kuzima. Asubuhi yake mnunuzi akaja na mkokoteni. Tayari ameshika waya wa televisheni, mama akasimama mlangoni.

"Haitoki."

"Dada, kuna tatizo gani tena?"

"Yuko pangoni."

"Nani yuko pangoni?"

Mama akataja jina la mwanawe. Mjomba akavua miwani, jambo ambalo hakuwa analifanya. "Dada, hizo ni taa tu! Taa za rangi kwenye kioo!"

"Mleteni nyumbani kwanza, ndipo ubebe makolokolo yako."

Mama yangu ni mwembamba, lakini siku ile hakuna ambaye angepita ule mlango. Nikakaa chini, nikawasha, nikashika pedi ya kuchezea. Uhai wa kijana wetu ulikuwa umebaki kidogo mno. Zimwi la kwanza nikalikimbia. La pili likamuuma. Mjomba akawa anatembea huku na huku akisonya, eti tunamwaibisha mbele ya mteja. Mteja mwenyewe alikuwa ameshachuchumaa kando yangu, waya umemtoka mkononi. "Kushoto, mdogo wangu! Kushoto, huko kuna ukuta!" Umeme ukayumba, picha ikasinyaa, nikasema tumekwisha. Ikarudi.

Nyuma yangu mama, ambaye hakuwahi kusema na kioo, alikuwa anasema nacho. "Ludi. Ludi, mwanangu. Ludi."

Tukatoka pangoni. Ikaja miti ya kabichi, likaja paa jekundu. Nikamwingiza ndani, nikamsimamisha mbele ya yule mwanamke, na maandishi yakatokea. Chumba kizima kikamwangalia mama.

"Anasema nini?" akauliza mnunuzi, mtu mzima na ndevu zake.

"Anasema, kaa," mama akajibu.

Nikahifadhi mchezo, kijana akiwa ndani. Mama akapisha mlango, wakabeba.

Kaka yangu hajarudi mpaka leo. Labda mtumbwi, labda mji mwingine. Hatujui, na tumechoka kukisia.

Hivi majuzi kijana wangu aliacha mishale yake kidogo, akaanza kucheza vigemu vidogo ambavyo anasema vinatengenezwa na watu wawili chumbani kwao. Hivyo navivumilia, angalau kuna mahali mtu anaachwa ajitafutie njia. Katika kupekuapekua kwake akaufukua mchezo wetu, ule niliomsimulia, kwenye kompyuta, tena uliotafsiriwa. Akaniita. Miti ya kabichi ile pale, paa jekundu lile pale.

"Mama, kwanza hiki ni Kijapani, siyo Kichina," akasema. "Pili, huyu mwanamke mliyekuwa mnamuaga, si mama yake. Ana nyumba ya wageni. Unajua anasema nini? 'Kama huna pesa, toka.'"

Akacheka. Kicheko cha mjomba kabisa, kimerithiwa bila kupungua. Na huyu ndiye anayemcheka bibi yake kila siku kwa ile l yake, anamwigiza mbele ya rafiki zake.

"Ngoja nikamwambie bibi!"

Mama yuko chumba cha ndani siku hizi. Macho yamekwisha, masikio mazima. Niliinuka nimzuie yule mwehu, khanga ikanasa kwenye kiti, na nilipojinasua alikuwa ameshafika mlangoni kwa bibi yake.

"Bibi, ile gemu yenu ya zamani nimeiona!"

Kisha nikasikia kitanda kikilia, mama anajiinua.

"Ameludi?"

Kijana wangu alisimama pale, mdomo wazi, kicheko bado hakijamtoka usoni. Akanigeukia.

"Ameludi, bibi," akasema. "Yumo ndani. Anakula."