Timtim Niliyotoka Nayo Mikumi

Nywele ikiungua ina harufu yake, na mimi nikiisikia popote narudi Mikumi, kando ya barabara kuu, kwenye kibanda cha saluni cha Shangazi Tatu. Chanuo la chuma lilikuwa halitoki juu ya jiko la mkaa, mafuta ya nazi yalichuruzika kwenye paji la uso la mteja, na nje malori ya Tunduma yalipita yakitikisa kioo mpaka unajiona una nyuso mbili. Moshi wa dizeli uliingia huku, moshi wa nywele ukatoka kule. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo. Na kusubiri, jamani, sikujaliwa. Wanasema subira huvuta heri. Sawa, lakini wanaosema hivyo huwa wamekaa. Mimi nilikuwa siwezi kukaa.

Nilipelekwa pale kwa sababu ya Baba. Alikuwa amepanda juu ya lori la vitunguu kutoka Lumuma, kama alivyozoea kila msimu, lori likapinduka kwenye kona na magunia yakamfunika. Walimtoa akiwa hai lakini hasemi. Mama akamfuata hospitali Morogoro, akakaa naye huko. Bibi, mama yake Baba, akabaki peke yake nyumbani kwetu Kilosa, karibu na reli, na mimi nikakabidhiwa kwa Shangazi nimsaidie kuosha vichwa vya wateja. Hakuna aliyeniambia kitu. Nikiuliza Baba anaendeleaje, najibiwa, "Anaendelea." Anaendelea kwenda wapi? Siku nzima nilitoka nje kuangalia barabara, nikarudi ndani, nikaokota taulo, nikaliweka, nikaliokota tena. "Wewe mtoto una siafu miguuni?" Shangazi aliniuliza mbele za watu, nao wakacheka. Usiku nililala nikihesabu malori, asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Mikono isiyotulia hutafuta kazi, na ya kwangu iliipata kichwani. Waliosoma shule zetu wanajua: msichana wa shule ya msingi ni kipara, miaka yote saba. Nilipomaliza mtihani tu nikaanza kufuga, na kabla sijaondoka Kilosa Bibi alikaa kizingitini, akanibana kwa magoti, akanisuka vijistari vyembamba akivuta mpaka nyusi zikapanda. Bibi alikuwa na sheria zake za nywele, na hazikuwa zake peke yake, zilikuwa za mtaa mzima. Mwanamke hatoki nje na nywele zilizofumuliwa. Akifumua, afumulie ndani, na kabla hajavuka mlango awe amesuka au amejitanda khanga. Anayeonekana njiani kichwa wazi, nywele zimefumuliwa zikaachwa hivyo hivyo, huyo kafiwa, tena kafiwa na mtu wa karibu. Ukimwona humuulizi. Unajifunga khanga kiunoni, unakwenda kwao. Hayo niliyajua tangu sijaota meno. Lakini Mikumi ni mji wa wapita njia, kila mmoja kaja na kichwa chake, na miezi miwili ya kukaa pale ilinitosha kusahau.

Aliyenisahaulisha hasa ni Dada Recho, msichana aliyepokea wageni kwenye nyumba ya kulala wageni iliyokuwa jirani na saluni. Nywele zake zilisimama zilivyotaka, nyingine zimeelekea dirishani, nyingine mlangoni, na mwenyewe anatembea katikati yake bila habari. Timtim kabisa! Madereva walipunguza mwendo. Nilidhani ameamka tu akaja zake, kumbe, mwenzangu, ile ilikuwa kazi ya siku mbili. Alikuja saluni Jumamosi, tukaziosha, tukazipaka mafuta zikiwa bado na maji, tukazisokota mbilimbili kuanzia kwenye shina, nyembamba kwa nene, maana zikilingana zitaonekana zimetengenezwa. Akalala nazo zimefungwa kitambaa. Kesho yake tukazifumua kwa vidole vilivyopakwa mafuta, chanuo marufuku, kisha akainama akakitikisa kichwa, akainuka, akajitazama kwenye kioo, akauliza, "Inaonekana kama sijafanya kitu?" Shangazi akamjibu kwamba anaonekana kama amekimbizwa na nyani. Recho akafurahi sana, ndicho alichokuwa anakitaka.

Nami nikakitaka. Nilikitaka kwa namna ya kunikosesha usingizi. Mtu mwenye nywele zile, niliwaza, ni mtu asiye na wasiwasi. Hana baba hospitalini, hasubiri karatasi ya matokeo. Basi Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, saluni imefungwa, nilifumua vijistari vya Bibi na kujisokota mwenyewe. Nywele zangu zilikuwa na urefu wa kidole gumba tu, zikanitoroka vidoleni, lakini sikukata tamaa. Jumatatu asubuhi nikazifumua, nikainama, nikatikisa. Nilikuwa bado niko mbele ya kioo simu ya Shangazi ilipoita. Aliitazama, akasema, "Ni mama yako," kisha akatoka nayo mbio hadi ng'ambo ya barabara, akanipa mgongo. Nilimwona akishika kichwa. Nilimwona akijifuta macho kwa upindo wa khanga. Aliporudi nikamuuliza kuna nini, akasema, "Hakuna kitu, mwanangu, washa jiko." Mtu mzima anayelia na kusema hakuna kitu! Sikuwasha jiko. Nilichukua hela niliyopewa na wateja, nikapita nyuma ya kibanda, nikapanda basi la Kilosa. Nilikuwa nakwenda kwa Bibi, kwa sababu Bibi hakujua kunificha jambo.

Barabara ya Kilosa wakati ule ilikuwa vumbi tupu. Nilikaa dirishani, na timtim yangu ikaongezwa timtim na upepo, ikapakwa udongo mwekundu juu yake. Sikuwa nafikiria nywele tena. Nilishuka stendi, nikashika njia ya kwetu, nikipiga hatua ambazo si mwendo wala si mbio. Kwenye bomba la maji walikuwa wamekaa wanawake wa mtaani, na kati yao Mama Shabani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Niliwapita. Sikutoa shikamoo. Kwetu mtoto anaweza kuiba embe akasamehewa kesho yake, lakini kuwapita wakubwa sita bila shikamoo hakuna mtoto mwenye akili timamu anayethubutu. Kwa hiyo wao waliona walichokiona: mtoto wa Omari aliye mahututi Morogoro, karudi ghafla peke yake, kichwa wazi, nywele zimefumuliwa, uso vumbi, ulimi umefungwa. Nani tena alihitaji kuambiwa?

Nilimkuta Bibi uani anachambua mchele. Hakuwahi hata kuuliza nimefuata nini. Alinitazama kichwani, ungo ukamponyoka. Na kabla sijafungua mdomo, kilio kikaingia mlangoni. Mama Shabani mbele, khanga kiunoni, mikono kichwani, "Uwiii, Omari! Omari kaenda!" na wenzake nyuma yake. Basi mimi nikajua. Nilijiambia, ndiyo ile simu ya asubuhi, wenzangu wameshapata habari, nilikuwa wa mwisho kuambiwa. Nikajitupa chini, nikalia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena. Nao waliponiona nalia hivyo, wakazidisha. Mimi niliamini kwa sababu yao, wao waliamini kwa sababu yangu, na Bibi katikati yetu akavua mtandio, akafumua nywele zake, nyeupe zote, akakaa kwenye mchele uliomwagika akimwita mwanawe kwa Kisagara.

Msiba wetu ukapamba moto, nasema kweli. Ndani ya saa moja mikeka ilitandikwa, kuni zikaletwa, sufuria mbili kubwa zikatoka kwa watu, unga ukafika, wanaume wakajaa nje wakinong'ona habari za kaburi. Mzee mmoja wa msikitini akaingia taratibu, akachuchumaa mbele yangu, akanipa pole, akaniuliza mwili unafika saa ngapi ili vijana waanze kuchimba. Nikamwambia mimi sijui, babu, waulizeni akina Mama Shabani, wao ndio walioleta habari. Mama Shabani akaacha kulia. "Mimi? Si wewe?" Jamani! Nilisikia maji yakichemka kwenye sufuria za watu. Mzee akatoa simu, akampigia Mama, na kwa kuwa alikuwa mzito wa masikio aliiweka sauti juu, tukamsikia Mama wote: "Msiba wa nani? Omari huyu hapa anakunywa uji. Si nilimpigia wifi asubuhi kumwambia ameanza kusema?"

Kumbe asubuhi ile Shangazi alivuka barabara kutafuta mtandao tu. Alilia kwa furaha, akaninyamazisha kwa kuogopa kunipa tumaini mapema. Msiba wa kujitakia hauambiwi pole, na siku ile wanawake walinipa kila neno isipokuwa hilo. Chakula kilikwisha kupikwa, hakirudishwi, basi ikasomwa dua ya kumwombea mgonjwa, watu wakala wakaondoka, baadhi wakicheka, baadhi wameudhika. Bibi hakucheka wala hakuudhika. Kulilia mtu aliye hai, kwake, ni kumwonyesha mauti mlango. Lisemwalo lipo, alisema, kama halipo laja. Alinibana kwa magoti akanisuka mtindo wa twende kilioni, mistari minne ya kurudi nyuma, ya harakaharaka, na alipomaliza akasema polepole, "Leo nimemzika mwanangu. Siku nyingine usiniletee habari kwa kichwa. Niletee kwa mdomo." Nywele zake mwenyewe hakuzisuka. Alizificha ndani ya mtandio, akasema atazisuka Omari akivuka kizingiti kwa miguu yake. Wiki nne nilikaa naye nikiutazama mtandio ule. Sikuthubutu kutulia, nilifagia ua mara tatu kwa siku, na kila simu ya mtu ikiita mtaani nilikimbilia chooni kujificha nisiisikie.

Baba alirudi, anachechemea, kwa miguu yake. Bibi akaenda ndani kusuka kabla hata ya kumpa maji. Nilimsubiri Baba anipige, lakini alipohadithiwa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akawa hana swali jingine ila hili: nani alikuja? Nilimtajia mmoja mmoja. Na nani alilia sana? Mama Shabani, nikasema, aliacha ndoo zake bombani. Baba akafuta macho, akasema ni watu wachache wanaojaliwa kuhudhuria msiba wao. Kuanzia hapo hakupita mlangoni kwa Mama Shabani bila kuingia kumsalimu.

Bibi alitangulia zamani. Baba alifariki mwaka jana, kitandani kwake, mzee, na tulimzika Kilosa siku hiyo hiyo. Mimi nafanya kazi Dar es Salaam, na likizo ya msiba ni siku chache, kwa hiyo wiki haijaisha nilikuwa ofisini. Sikuweza kusuka. Nilifumua nywele zangu siku alipofariki nikaziacha, sikuzipaka mafuta wala kuzitia chanuo, nikaingia nazo barabarani, kwenye basi, kwenye lifti, kichwa wazi, mchana kweupe, katikati ya mji wenye mamilioni ya watu. Sijui nilitarajia nini. Najua tu kwamba nilikuwa nawatazama watu usoni, mmoja baada ya mwingine. Mlangoni mwa ofisi binti wa mapokezi aliinua macho, akaniona, akasimama, akaweka mkono mdomoni. Machozi yakanilenga. "Dada," akasema, "timtim imekukaa! Umetengenezea wapi?"

Nikamwambia asante, nikaenda kukaa mezani kwangu.