Kuponi Moja kwa Kila Mteja

Harufu ya wino wa karatasi za matangazo ya maduka hunirudisha Yeoville, mtaa wa wahamiaji nilikokulia, hata leo, nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Zilitupwa mlangoni kwetu, na mama, msusi aliyetoka Lubumbashi, alizikata kuponi kwa mkasi wake wa saluni, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Mafuta ya kupikia, unga, sabuni: kila kuponi ilipunguza bei, lakini duka lilipokea moja tu kwa kila mteja. Kwa hiyo mimi, mwenye miaka tisa, nikafanywa mteja.

"Kule ndani hatujuane," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao. "Usiniite mama. Unasikia?"

Haba na haba hujaza kibaba, alipenda kusema, na haba ya pili ndiyo mimi, na kikapu kilichonigonga magotini. Wenzangu, niliupenda mchezo ule. Tulipishana kati ya rafu kama watu wa miji miwili, nami nikibana kicheko mpaka mbavu ziniume.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, mashine ilikataa kuponi yake. Mama alijaribu kujieleza kwa Kizulu chake cha kuungaunga, foleni ikaguna. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba wageni wote ni wezi, warudi kwao. Mlinzi akaja, akaumwaga mkoba wa mama juu ya kaunta: vitana, nywele za bandia, Biblia ndogo. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa foleni ya pili, chupa ya mafuta mkononi.

Keshia wangu aliona jinsi nilivyokodoa macho. "Unamjua yule?" akaniuliza kwa Kizulu.

Mama alikuwa akinitazama. Nikajibu kwa Kizulu safi cha shuleni, kisicho na dalili yoyote ya ugeni: "Hapana, simjui."

Nikalipa, nikatoka. Mama alitokea baadaye mikono mitupu, akanipita bila kugeuka mpaka tulipovuka taa za barabarani na kukata kona. Hapo akapiga magoti chini, akanikumbatia, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia tena kwake. Niliumia sana. Nikadhani analilia kuponi iliyokataliwa, nikamfuta machozi kwa mkono wa sweta yangu.

"Eish, mama, usilie. Wiki ijayo watatoa zingine."

Akazidi kulia.

Nilikuja kuelewa nilipopata binti yangu, mama akiwa ameshazikwa. Naamini alifurahi kwamba mimi nilipita salama. Lakini alikuwa amemsikia mwanawe akimkana mbele ya watu waliokuwa wakimcheka, bila kusita, kwa sauti kavu kabisa, kama alivyomfundisha mwenyewe.