Nguruwe wa Mama Tuli

Harufu ya makombo ya wali na maharage yaliyoshinda ndani ya ndoo yenye mfuniko siwezi kuichanganya na harufu nyingine yoyote. Ina uchachu, ina utamu kidogo, na nyuma yake kuna mafuta ya kupikia yaliyorudiwa mara tatu. Mpaka leo, nikipita nyuma ya hoteli yoyote hapa Mbeya na upepo ukaniletea harufu hiyo, vidole vya mkono wangu wa kulia hujikunja vyenyewe kana kwamba bado vimeshika kishikio cha ndoo. Wenzangu wakikaa kusimulia utoto wao hutaja harufu ya mahindi ya kuchoma au ya udongo baada ya mvua ya kwanza. Mimi nilipewa hii, na kusema kweli ndiyo ninayostahili.

Tulikuwa tukiishi Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, pale barabara kuu inapopita na magari ya kwenda mjini yanapoanza kupanda mlima. Mama alikuwa na banda la chakula kando ya barabara hiyo, na wateja wake wengi walikuwa madereva wa malori. Baba alikuwa Chunya akitafuta dhahabu, na kwa miaka yote ile dhahabu ilikuwa haijamwona. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mama, mdogo wangu Isaka, na mimi niliyekuwa darasa la sita. Mama alibana matumizi mpaka matumizi yakalia. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande vinane, na kipande kikiisha kabla ya siku yake tuliulizwa ni nani amekuwa akiwaogesha majirani. Sukari ilikuwa ya wateja. Mkaa uliobaki jikoni aliufunika kwa majivu ili upate kutumika kesho yake. Bandani alipika pilau siku za mnada, lakini sisi tulikula ugali na mboga ya maboga, na siku tukiletewa ukoko wa wali ilikuwa sikukuu. Alipenda kusema akiba haiozi. Makombo yetu yalioza vizuri tu, lakini hata hayo kwake yalikuwa akiba, na hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Banda lile lilisimama kwa mkopo. Wanawake watano walikuwa wamedhaminiana katika kikundi, na kila Jumatano walikutana nyumbani kwa mmoja wao kwa ajili ya marejesho. Sheria yao ilikuwa ngumu: haondoki mtu mpaka fedha ya wote watano itimie mezani. Mmoja akipungukiwa, wanne wanamchangia. Wakishindwa, wanakwenda kwake kubeba vyombo. Niliwahi kuona kabati la mama mmoja wa mtaani kwetu likitolewa nje namna hiyo, mwenyewe amesimama mlangoni ameshika glasi mbili alizowahi kuziokoa. Tangu siku hiyo kila Jumatano nilikuwa naangalia vyombo vyetu kama vitu vya kuazima.

Katika wale watano, mtu wa mama alikuwa Mama Tuli, Mnyakyusa wa upande wa Mbeya, aliyekuwa akiuza nyanya na mboga jirani na banda letu. Kila asubuhi mama, ambaye ni Mhehe, alimsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," naye akamjibu kwa Kihehe, "Kamwene," kisha wote wawili wakacheka kana kwamba mzaha huo umebuniwa leo. Isaka alipozaliwa na baba yuko Chunya, Mama Tuli ndiye aliyelala hospitali na mama, akarudi asubuhi kunisuka nywele niende shule. Mama hakujaliwa dada wa kuzaliwa naye. Alikuwa na Mama Tuli, na kwa mwanamke aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, kile kicheko cha asubuhi ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona akikitumia bila kubana.

Mwezi wa sita mwaka ule, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, Mama Tuli alimletea mama kitoto cha nguruwe kilichoacha kunyonya. "Mkuze na makombo yako haya unayomwaga," alimwambia. "Krismasi unauza, unamaliza mkopo, na mimi unanilipa ya kwangu siku hiyo hiyo. Haraka ya nini, mwenzangu?" Mama akapiga hesabu zake kwa vidole, akaona zinakubali. Mauzo ya bandani yangetosha marejesho ya kila wiki, na nguruwe angelipa kile kitita cha mwisho kilichokuwa kikimkosesha usingizi. Hatukumpa jina. Mama alisema ukimpa mnyama jina utashindwa kumuuza.

Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo. Nikitoka shule saa kumi nipite bandani, nichukue makombo ya siku hiyo, niyapeleke nyumbani nikamlishe nguruwe. Njia ya nyumbani ilipita kando ya uwanja wa shule, na saa hizo wasichana wenzangu walikuwa wakicheza netiboli. Wiki za mwanzo nilipita kwa haraka nikiangalia chini. Kisha siku moja msichana wa darasa la saba, mwenye soksi nyeupe ambazo sikuwahi kuziona zimechafuka, akaziba pua na kuniita, "Mama Makombo, leo umetupikia nini?" Uwanja mzima ukacheka. Nami, ili nisionekane nimeumia, nikacheka pamoja nao. Jina likaniganda. Lilinifuata darasani, likanifuata kanisani kwenye shule ya Jumapili, na mtoto mdogo wa darasa la kwanza alilitumia kuniamkia kwa heshima zote, akidhani ndilo jina langu.

Wiki iliyofuata nilimwaga ndoo kwa mara ya kwanza. Kabla ya kufika uwanjani kulikuwa na mtaro unaoshusha maji kuelekea mto Ruaha, wenye majani marefu pembeni. Nilichutama, nikainamisha ndoo, nikaisuuza, na nikapita uwanjani nikiibembeza tupu kama mtu aliyetumwa maji. Hakuna aliyeniita jina lolote. Jioni ile nguruwe nilimpa pumba na maji. Nilikusudia iwe siku ile tu. Lakini jambo baya likishafanyika mara moja bila mtu kukupiga kofi, mara ya pili halina uzito, na kufikia mwezi wa nane nilikuwa namwaga siku nne katika tano, na nilikuwa nimepewa namba kwenye timu ya netiboli. Pumba nazo zilikuwa za kupima, kwa hiyo niliziongezea maji. Nguruwe mwenye njaa hanyamazi. Alikuwa akisimama kwa miguu miwili kwenye mbao za banda lake akinililia, nami nilimpiga kwa fimbo puani ili mama akirudi amkute kimya. Haya nayasema wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijisimulia kisa hiki nikiruka sehemu ya fimbo.

Mama aliona kwamba hakui. Alinunua dawa ya minyoo kwa fedha aliyokuwa amejiwekea ya viatu, na minyoo haikutoka kwa sababu haikuwamo. Mwezi wa kumi akamwita bwana mifugo. Mzee yule alimpapasa nguruwe mgongoni, akauliza, "Huyu anakula nini?" Mama akanigeukia mimi. Nikajibu, "Makombo. Kila siku." Mama akaongeza kwa fahari, "Ndoo nzima, baba. Binti yangu anaibeba mwenyewe." Bwana mifugo akatafakari kidogo, akasema basi huenda ni mbegu, mara nyingine hawa wa mtaani wanazaana ndugu kwa ndugu, vitoto vinatoka vidumavu. Hakuwa na nia mbaya. Alijibu kulingana na alichoambiwa, na aliyemwambia ni mimi. Jioni hiyo mama aliosha sufuria moja kwa muda mrefu sana.

Wiki ya Krismasi alikuja mnunuzi kutoka Mlandege, mwenye baa ya kitimoto. Alichungulia banda la nguruwe, akacheka. "Mama, huyu ni nguruwe au mbwa?" Bei aliyotoa haikufika nusu ya ile iliyokuwa kwenye vidole vya mama, na mama alilazimika kuipokea kwa sababu Jumatano ilikuwa kesho kutwa. Akafunga fedha kwenye pindo la kanga na kwenda moja kwa moja kwa Mama Tuli, mimi nikimfuata nyuma.

"Mama Tuli, wewe ni wa kunifanyia mimi hivi?"

"Nimekufanyia nini tena, jamani?"

"Wazuri umebaki nao. Mimi ukaniletea kidumavu."

"Wa tumbo moja na wako nimemuuza juzi, wamembeba wanaume wawili. Labda hakuwa anashiba."

"Hakuwa anashiba? Mwanangu kabeba ndoo miezi sita mpaka bega limeshuka! Au unataka kusema mtoto wangu mwongo?"

Mama Tuli akaniangalia. Macho yake hayakuwa makali. Yalikuwa yanauliza tu, na yalinisubiri. Nilikuwa na nafasi ya sentensi moja. Nikaangalia chini, nikaanza kuhesabu nyanya zilizopangwa mafungu kwenye gunia lake. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Hapana. Siwezi kusema hivyo juu ya mtoto." Mama akageuka, akanishika mkono, na tulipokuwa tukivuka barabara akaniambia, "Umeona, mwanangu? Kikulacho ki nguoni mwako." Nilikuwa nimeshika kanga yake aliposema hivyo.

Jumatano kikundi kilikutana kwetu. Fedha ya mama ilipungua. Wenzake watatu walitazama dari, na mmoja wao akatazama kabati letu. Mama Tuli akafungua pochi, akaweka mezani kiasi kilichobaki, akasaini daftari, akaondoka bila kunywa chai. Mama alimrudishia fedha ile yote kufikia mwezi wa tatu, kidogo kidogo, kwa kuipitisha kwa mwanamke mwingine, maana dawa ya deni ni kulipa na mama hakuwahi kubisha juu ya hilo. Bei ya kitoto cha nguruwe hakuilipa. Alisema hawezi kulipia udanganyifu. Asubuhi zao zilikwisha. Waliendelea kufungua biashara zao, hatua kumi tu baina yao, mmoja akitazama mlimani na mwingine akitazama barabarani, na mwaka uliofuata Mama Tuli akafunga mizigo, akarudi Mbeya. Siku anaondoka mama alikuwa akipika. Chumvi aliweka mara mbili, madereva wakalalamika.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu ajabu, imenifikisha mpaka Ilomba, hapa Mbeya, ambako nina duka la vifaa vya shule na mashine ya fotokopi, na mkopo wangu mwenyewe unaonikumbusha kwa ujumbe wa simu badala ya wanawake wanne sebuleni. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama mwaka ule. Najua kubana, najua kutabasamu kwa mteja huku unawaza marejesho, na najua jinsi siku nzima inavyoweza kusimama kwa sababu ya mtu mmoja tu wa kucheka naye. Mwaka jana mama mmoja mzee aliingia dukani kutoa nakala ya kitambulisho, akanichekesha kuhusu picha yake, na nikakijua kicheko kabla sijasoma jina. Nilimkalisha kwenye kiti na kumwambia yote, mtaro, pumba na fimbo, wateja wakisubiri.

Mama Tuli alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitajia bei ya kitoto cha nguruwe, bei ya wakati ule, nikamlipa, akaiweka kwenye pochi bila haya. "Haya, deni la nguruwe limeisha," alisema. "Lakini mimi, mwanangu, siku zote nilijua mnyama wangu hana kosa. Sikuumia kama unavyodhani. Mama yako ndiye ameishi miaka yote hii akiamini rafiki yake alimwibia. Huyo ndiye wa kumwambia." Akaniandikia namba yake ya simu, nimpe mama.

Tangu siku hiyo nimekwenda Iringa mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Pasaka, na nilikwenda na binti yangu Neema, ambaye ana miaka kumi na mmoja na alikuwa akimsimulia bibi yake habari za rafiki mpya wa shuleni. Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. "Penda watu, mjukuu wangu, ila kwa kipimo," alimwambia. "Mimi nilikuwa na rafiki niliyempenda kuliko ndugu, akaniuzia mnyama mbovu." Neema akauliza, "Alikuwa anaitwa nani, bibi?" Mama akapepeta ungo, akapuliza makapi, akasema, "Nimemsahau jina." Mama yangu huyu anakumbuka mpaka leo kila dereva aliyekula bandani kwake akaondoka bila kulipa. Namba ya Mama Tuli ilikuwa kwenye simu niliyoishika mkononi. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa naogopa fimbo. Sasa nina thelathini na minane, hakuna wa kunichapa, na bado nilisema basi la Mbeya litatuacha, nikamwita Neema aje avae viatu.