Mtani wa Ng'ambo ya Reli

Jezi yangu niliipata mnadani Tanga, siku robota la mitumba lilipofunguliwa nami nikiwa nimekwenda kutafuta suruali. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, ina mistari ya kijani, na kifuani nembo ya gurudumu la treni. Vijana wa mtaani wakaniuliza ni ya timu gani. Nikawajibu bila haya kwamba ni timu kubwa ya Ulaya, na nikawashangaa kwa kutoijua.

Baadaye nilikwenda kuitafuta kwenye intaneti. Haikuwa ya Ulaya, wala haikuwa kubwa. Ilikuwa klabu ya Argentina, daraja la chini, iliyoanzishwa na mafundi wa reli katika mji ambao hata Waargentina wenyewe huupita wakielekea kwingine. Uwanja wake una jukwaa upande mmoja tu, na upande wa pili ni ukuta wa karakana. Zamani sana iliwahi kupanda hadi ligi kuu, ikakaa msimu mmoja, ikashuka, na wazee wa huko bado wanausimulia msimu huo kama harusi. Nikaipenda palepale. Ukishavaa nguo ya mtu umekuwa ndugu yake.

Nilipohamia Louisville nilikuja na jezi ile. Nikapata kazi kwenye ghala la mizigo huko Okolona, na kila Jumatatu nilisimama kwenye mkanda wa maboksi nikiwa nimenuna, maana timu yangu ilikuwa na kipaji cha kufungwa. Mwenzangu wa upande wa pili wa mkanda alikuwa Mkongo wa milima ya Kivu, mlokole, mwenye kicheko cha kuvunja vyombo. Siku moja akaniuliza, "Ndugu, nani alikufa kwenu?"

Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba kufungwa si shida, mpira unadunda na asiyekubali kushindwa si mshindani. Shida ni kwamba Marekani nzima sina wa kunitania. Kwetu timu ikifungwa huwezi kupita penye kahawa asubuhi, watu wanakungoja kwa hamu. Hapa naambiwa pole. Pole inaua kuliko matusi.

"Mutani njo nini?" akauliza. "Ni adui?"

Nikasema hapana. Mtani ni mtu anayekutukana na huruhusiwi kukasirika, na ukifiwa ndiye anayefika kwanza. Nikamsimulia msiba wa babu yangu, jinsi mtani wetu alivyovaa kofia ya marehemu na kuiga kikohozi chake, mpaka bibi akacheka huku machozi yanamtoka. Kofia ile aliondoka nayo. Ni haki yake, hakuna wa kumwuliza.

Wiki iliyofuata akaja kazini anatabasamu.

"Bon. Nilitafuta mu telefone. Iko ekipe ingine ya mupira mu ile muji yako, ng'ambo ya reli. Banachukiana sana na yako! Donc mimi niko wa ile. Sasa niko mutani yako."

Nilitaka kumkumbatia, lakini maboksi yalikuwa yanapita. Tangu siku ile Jumatatu zangu zikawa na ladha. Alijifunza majina ya wachezaji wake wote, akanunua jezi ya bluu, na akaniambia kwamba hata mabeki wangu walitoka mitumba.

Halafu shemeji zake wa Buffalo wakamvuta. Walipata nyumba Cheektowaga, na huko kanisa lao lina watu wengi wa kwao. Nilimsaidia kupakia magodoro, nikiitukana timu yake njia nzima ili nisilie.

Dada yangu anakaa Westerville, kule Columbus, ambako ni kama katikati ya safari yangu na ya mtani wangu. Basi tukakubaliana: mara mbili kwa mwaka, timu zetu zinapokutana, sote tunakwenda kwa dada. Yeye anapika pilau, watoto wanatuzungumzia kwa Kiingereza tunawajibu kwa Kiswahili, na sisi tunatazama mechi. Huko Argentina mashabiki wa ugenini hawaruhusiwi uwanjani, wanaogopa vita. Nadhani sebule ya dada yangu ndiyo mahali pekee duniani ambapo mashabiki wa timu zile mbili walikaa kochi moja wakigombea ukoko.

Ndiyo maana msimu uliopita uliniumiza. Timu yangu ilianza kuzama tangu mwanzo, ikawa wazi kwamba inaweza kushuka daraja. Ikishuka, hazikutani tena. Zisipokutana, hakuna safari ya Columbus. Sisi ni wanaume, tena wenye zamu na watoto. Bila mechi tungeanza kusema "tutaonana tu", na najua maneno hayo huishia wapi.

Naye alijua. Ujumbe wake wa sauti ukabadilika. Matusi yakapungua, akaanza kuuliza kipa wangu amepona mguu. Mkewe akanipigia akicheka: kanisani, wakati wa kutoa mahitaji ya maombi, bwana yule alisimama akaomba waumini waombee familia moja ya Argentina inayopitia majaribu. Kanisa zima likafunga macho.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu. Ilikuwa sare mpaka karibu na mwisho, kisha kipa wetu, mguu ukiwa umepona kabisa, akautema mpira miguuni mwa mshambuliaji wa wapinzani, tukashuka daraja. Binti yangu akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ni mchezo tu. Nikamwambia akamsaidie mama yake.

Nilingoja simu ya mtani. Haikuja siku ile wala kesho yake. Nikajua ndiyo basi tena.

Mwisho wa wiki dada akaniita Westerville, ana shughuli, nisiulize. Nikabeba jezi kwa mazoea. Nilipofungua mlango nikasikia ukelele, na mtu wa jezi ya bluu akajitupa kwenye zulia la dada yangu.

"Ekipe ilikufa, eeh! Ilikuwa ekipe muzuri, haikukuwa inafunga, lakini ilikuwa muzuri!" Mkewe, kitenge kiunoni, akaitikia kilio kwa ustadi kabisa. "Mutani, ulisema mimi nafika wa kwanza ku kilio. Nilifika. Sasa leta nguo ya marehemu."

Akaninyang'anya jezi, akaivaa juu ya ile yake. Ilimbana tumboni. Akaanza kutembea kama mimi ninavyotembea Jumatatu, mabega chini, midomo nje, na dada yangu akakaa sakafuni kwa kucheka. Mimi nilicheka, kisha nikalia, na sikujificha. Tukala pilau. Jioni akaondoka nayo kuelekea Buffalo.

"Nitarudisha siku banapanda," akasema.

Sasa timu yangu inacheza daraja la chini zaidi, katika viwanja ambavyo kamera ni ya simu ya mtu. Yeye huitazama kila mechi, anasema lazima aangalie mali ya marehemu. Jumamosi iliyopita nilikuwa zamu. Nilipotoka nikakuta ujumbe wake wa sauti, sauti imezama kabisa.

"Mutani, leo balitupiga."

Nikausikiliza tena. Hakusema wamekufunga, alisema wametufunga. Nikakaa garini pale kwenye maegesho ya ghala. Ningeweza kumwambia pole. Badala yake nikabonyeza kitufe, nikamcheka kwa sauti kubwa, nikamwambia hata mabeki wake walitoka mitumba.